Riwaya Ipewe Kiti Mgahawani

KUTOKA BONDENI
Na Bernadeta Mkopi

Lami ya kutoka Kidatu, zile kilomita 66.9 zilizotutesa masika baada ya masika, imetuletea Ifakara mengi tuliyoyatarajia. Mabasi yanawahi. Mchele unatoka bondeni bila malori kulala kwenye tope. Viwanja vimepanda bei. Imeleta pia kitu ambacho sijasikia mtu akikizungumzia kwenye mikutano ya mtaa, nacho ni mahali pa kukaa. Ukitoka Kibaoni kuelekea Mlabani, ukakatiza Viwanjasitini, utakutana na migahawa ambayo miaka michache nyuma haikuwepo. Simsemi mama lishe wa wali na samaki, ambaye ametulisha siku zote na ataendelea kutulisha. Nasema zile sehemu zenye viti vya kuegemea na meza ndogo, chai ya maziwa, kahawa, kitumbua cha moto au kipande cha keki, ambamo mtu anaweza kukaa saa nzima asiulizwe kama ameshamaliza.

Kila unapofunguliwa mpya, mimi huenda. Naagiza, natoa riwaya kwenye mkoba, nasoma. Na karibu kila mara kuna mtu ataniuliza nasomea nini.

Katika mgahawa mmoja wa Lipangalala, binti aliyeniletea chai alikitazama kitabu changu kwanza kabla ya kunitazama mimi. Kilikuwa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi.

"Shikamoo mama. Kumbe unafundisha?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, sifundishi."

"Basi una mtoto kidato cha sita."

Nikamwambia najisomea tu. Akacheka kwa mshangao, lakini hakuondoka. Alikuwa ameisoma shuleni na aliwakumbuka wote: Yasmin aliyeozwa kwa Raza, mtu mzima kuliko baba yake alivyokuwa, Denge na siasa zake za siri, Mwajuma na wema wake. Aliweza kunitajia dhamira, migogoro na nafasi ya mwanamke, moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa kuziandika. Nilipomuuliza kama alimpenda Yasmin, alikaa kimya kidogo, kisha akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Nimelifikiria sana jibu lake. Watanzania wengi waliopita sekondari wamezisoma riwaya zetu kwa namna hiyo hiyo. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu: tunazijua kwa sababu ziliingia kwenye mtihani, na siku ya mtihani zilipoisha kazi tulizirudisha stoo ya shule au tukamwachia mdogo wetu. Swali lilikuwa lile lile, toa hoja tatu tatu kutoka kila kitabu. Siwalaumu walimu. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na nakala chache hana njia nyingine ya kuwavusha. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekutana na hadithi mahali pamoja tu, tena mahali pa hofu, hawezi kuitafuta tena kwa hiari yake akiwa na miaka 30, labda apate mahali pengine pa kukutana nayo.

Na haikuwa hivi daima. Vijana wa miaka ya 1970 na 1980 walimsoma Elvis Musiba bila kulazimishwa na mtu. Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka. Ben Mtobwa alipofuata, watu waliyafuata maandishi yake kwa hamu ile ile. Kabla yao Faraji Katalambulla alikuwa ametoa Simu ya Kifo, na kabla yake Muhammed Said Abdulla alikuwa ametupa mpelelezi Bwana Msa. Hata baadaye, Eric Shigongo aliwafanya wasomaji wangoje gazeti la wiki ijayo kwa sababu ya hadithi iliyokatwa pabaya. Leo hadithi za namna hiyo zinatembea kwenye simu, sehemu ya kwanza bure, sehemu ya pili ukishatuma pesa. Kwa hiyo anayesema Mtanzania hapendi kusoma hadithi hajatazama simu za vijana wanaongoja abiria na bodaboda zao. Hamu ipo. Kila mtu yuko nayo peke yake, ameinamia kioo.

Kwa nini basi nashikilia mgahawa, na si maktaba? Maktaba naiheshimu na naitaka. Lakini kwa kawaida maktaba zetu zimejaa wanafunzi wenye madaftari yao, wanaojiandaa kwa mtihani ule ule ninaousema, na sheria ya kwanza ni kunyamaza. Hadithi yetu haikuzaliwa kwenye ukimya. Bondeni hapa ilizaliwa usiku, watoto wakiwa wamechoka kuamia ndege kutwa nzima kwenye mpunga, bibi akiuliza kama wako tayari na wao wakiitikia. Msimulizi akilala usingizi, wasikilizaji walimwamsha. Hadithi ilikuwa ya wote waliokuwepo.

Aliyesalia na desturi ya kukaa pamoja na kusikilizana hadi leo ni mzee wa kijiwe cha kahawa. Birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo, kashata, benchi la mbao. Mmoja ana gazeti, wengine wanamsikiliza, ubishi unaanzia Simba na Yanga na kuishia bungeni. Nimekulia katika mji wenye vijiwe hivyo na navionea fahari. Lakini kijiwe hakina nafasi yangu. Mwanamke wa Ifakara anapita kijiweni, anaamkia, anaitikiwa kwa heshima, anaendelea na safari yake. Akikaa pale saa nzima na kitabu, ataongelewa hadi Michenga. Hiyo ndiyo sababu naifurahia migahawa mipya kwa dhati. Kwa mara ya kwanza, muuguzi aliyetoka zamu Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mwanafunzi wa kike wa chuo, mama aliyeuza mchele wake na kumaliza, wana kiti cha umma ambacho hawahitaji kukiombea ruhusa wala kuja na mwanamume. Kiti hicho tusikipoteze kwa kukielekeza kwenye runinga.

Maana ndivyo inavyotokea. Mgahawa unafunguliwa ukiwa na utulivu. Wiki chache baadaye inatundikwa runinga kubwa ukutani, spika mlangoni, na hakuna tena anayesikia mwenzake. Nimewahi kumwuliza mama mmoja mwenye mgahawa kwa nini. Akanijibu kwa uwazi: "Mama, mteja wa mpira ananunua soda mbili. Wewe na kitabu chako unakunywa kikombe kimoja mpaka kinapoa."

Ana haki. Analipa pango, umeme, mkaa na mshahara wa wasichana wawili. Anayetaka mgahawa wa kusomea lazima amjibu mama huyu kwa kitu kitakachoingiza watu, tena wengi. Mtu mmoja mmoja na kitabu chake hatoshi. Jibu langu ni kusoma kwa sauti: siku moja kwa wiki, saa moja ya jioni, sura moja au mbili, msomaji mmoja na mgahawa mzima unasikiliza, na mwisho wa sura watu wanabaki kubishana huku wanaagiza.

Hili limeshafanyika duniani, na lilidumu. Mwaka 1865, katika kiwanda cha sigara cha El Fígaro mjini Havana, Cuba, wafanyakazi walianza kuchangishana ili mmoja wao awasomee wenzake walipokuwa wakikunja majani ya tumbaku. Wengi wao hawakujua kusoma. Asubuhi walisomewa magazeti, mchana riwaya, na riwaya ya kusomwa waliichagua wenyewe kwa kura. Watawala wa Kihispania waliogopa, wakapiga marufuku mwaka uliofuata, lakini desturi ilirudi, ikavuka bahari na wahamiaji hadi Tampa na Key West kule Florida. Huko Tampa waajiri waliiua mwaka 1931 na kuweka redio mahali pa msomaji. Cuba kwenyewe iliendelea. Alexandre Dumas alipendwa sana mle viwandani, na sigara maarufu ya Montecristo ilipewa jina la riwaya yake. Nawafikiria watu wale kila ninapopita mahali watu wanapochambulia mchele, mikono inafanya kazi na masikio hayana la kufanya.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, kisha kiongozi wa kikundi akawasomea kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Mwalimu Nyerere autangaze 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazazi wetu walijua kukaa wengi na kitabu kimoja, na hakuna aliyeona ni jambo la shule. Tuliacha bila kukata shauri kwamba tunaacha.

Dar es Salaam wanayo Soma Book Café, Mikocheni, ambako vitabu, chakula na mazungumzo vimewekwa chini ya paa moja kwa miaka mingi sasa. Ni mfano mzuri, na nawashukuru walioulea. Lakini Ifakara haihitaji kuiga ukubwa wake. Inahitaji shelfu moja yenye riwaya 20 na mtu mwenye sauti.

Niruhusuni hapa niseme neno kuhusu kilichomo kikombeni, maana linaniuma. Pale Mbingu, kwenye barabara ya kwenda Mlimba, Kokoa Kamili wamekuwa wakinunua kakao mbichi kwa wakulima wa bonde hili tangu 2013, wanaichachusha na kuikausha, na kakao hiyo inakwenda kwa watengenezaji wa chokoleti wanaoheshimika duniani. Dandelion ya San Francisco imeandika jina la Kokoa Kamili kwenye chokoleti yake. Mtu wa California anakaa kwenye mgahawa wa mtaani kwao, na riwaya mkononi, na kinywaji kilichotoka kwetu. Mgahawa wa Ifakara unanikorogea kakao ya kopo kutoka nje. Sukari yetu inatoka Kidatu, maziwa yanatoka kwa wafugaji wetu, kakao iko Mbingu. Mwenye mgahawa atakayeanza kutuuzia kakao ya bondeni atanipata kila wiki, na nitakuja na wenzangu.

Nirudi kwenye shelfu. Mama yule wa runinga aliniambia pia kwamba vitabu vitaibwa. Vingine vitaibwa, ndiyo. Afadhali kitabu kiibwe na mtu anayetaka kukisoma kuliko kioze kwenye boksi la mwalimu mstaafu, na Ifakara ina maboksi mengi ya namna hiyo. Ninachokataa ni kitu kingine: vivuli. Riwaya iliyotolewa nakala steshenari na kubanwa kwa pini haimpi mwandishi hata senti. Mgahawa ukinunua nakala halali moja na kuisomea watu 15, mwandishi amepata kidogo na wasomaji wapya wengi. Ukitoa vivuli 15, hakupata kitu.

Na nani asome? Si lazima awe mwalimu. Ningependelea asiwe. Nawajua wanakwaya wa parokia wenye sauti za kujaza kanisa bila kipaza sauti, na makondakta wa zamani wa njia ya Mahenge ambao enzi za kivuko, kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, waliweza kusimulia kisa kimoja mpaka pantoni ikarudi upande wetu. Watu hao wapewe kitabu.

Kitabu cha kwanza kiwe cha upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Kilichapwa mwaka 1960 na bado kinamfanya msikilizaji atake kujua nani muuaji, kwa hiyo atarudi wiki ijayo. Wengine watataka tuanze na Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku shuleni kwa kusema wazi yanayowapata wasichana. Tutafika huko. Kwanza watu wazoee kukaa.

Cha pili nimeshakichagua, na hapa sibadilishi mawazo: Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Rehema ni binti wa tajiri, na haki yake juu ya shamba inapingwa na watu wa familia. Katika bonde hili, ambako mjane anaweza kuamka asubuhi na kukuta shemeji ameshapanda mpunga kwenye eka zake, na ambako mabaraza ya ardhi ya kata hayakosi kesi, nataka riwaya hiyo isomwe mbele ya wanawake na wanaume waliokaa meza moja. Nataka kusikia nani atamtetea nani.

Nakala yangu ipo, nzima, ina kurasa zote. Mwenye mgahawa atakayekubali kuzima runinga saa moja tu, siku ya Alhamisi baada ya mavuno, aniite. Msomaji nitakuja naye.