MIZANI IKISIMAMA, MUSIMUTESE MUGONJWA KWA NJAA



Katika ukurasa huu tunasema kila mara juu ya kofia, viatu na mikanda. Leo tuseme juu ya sahani, kwa sababu mutu anayekula vibaya anaweza kuanguka kazini sawa yule asiyevaa kofia.

Munajua kwamba unene wa kupita kiasi unaleta tansio, ugonjwa wa sukari na maumivu ya magoti. Kwa wagonjwa fulani, wanganga wanafanya upasuaji unaoitwa baipasi ya tumbo. Wanganga wawili, Mason na Ito, waliufanya mara ya kwanza mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Wengine wanazani kwamba munganga anakata mafuta na kuyatupa. Hapana. Anatenga mufuko mudogo juu ya tumbo, wenye kuingiza kijiko kikubwa kimoja ao viwili tu, na kuuunganisha na utumbo mbele kidogo. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mugonjwa anashiba upesi, na njaa yake inapungua.

Miezi ya kwanza kilo zinaanguka haraka. Kisha mizani inasimama. Kwa wengi inasimama mara ya kwanza karibu na juma la tatu, na tena nyuma ya miezi kazaa. Juma mbili, tatu, hata mwezi muzima, hakuna kilo inayotoka. Hapo maneno yanaanza katika nyumba. Bwana anasema: «Mama Fulani, unakula kwa siri.» Shangazi anakuja na kusema kinyume: «Mutoto wetu amekonda, watu watazani ana ugonjwa mubaya. Mupatie bukari ya kutosha!» Na mugonjwa mwenyewe, kwa haya, anaamua kutokula tena.

Wote watatu wanakosa. Tazameni kamyo. Ikiwa na muzigo muzito inakunywa mazutu mingi. Ukipunguza muzigo, inakunywa kidogo. Mwili pia ni hivyo. Mutu aliyetoka kilo 120 mupaka 95 anatumia chakula kidogo kuliko zamani, hata akifanya kazi ileile. Tena kilo za kwanza zilikuwa pia maji, si mafuta peke yake. Maji hayo yakirudi kidogo, mizani inasimama hata kama mafuta yanaendelea kutoka.

Na mwili unapoona njaa, unajilinda. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana wanaume 36 walikubali kupunguziwa chakula kwa juma 24. Hawakuwa wanene, wala hawakupasuliwa. Moyo wao ulipiga polepole, walisikia baridi, na akili yao ilibaki kwenye chakula tu. Hiyo si uvivu wala uongo. Ni mwili unaochunga akiba yake.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya: mizani isifanywe muhakimu wa nyumba. Uswidi, wanganga walianza mwaka 1987 kufuata wagonjwa wengi waliopasuliwa. Wale wa baipasi walipoteza karibu 32 kwa mia ya uzito wao katika mwaka wa kwanza ao wa pili. Nyuma ya miaka 10 walibaki na hasara ya karibu 25 kwa mia. Kwa mutu wa kilo 120, ni kilo 38 kwanza, kisha kilo 30. Basi kusimama, hata kupanda kidogo, ni njia ya kawaida. Jambo la kuuliza ni hili: tansio iko namna gani? Sukari katika damu? Anapanda ngazi bila kuhema?

Hatusemi kwamba chakula hakina neno. Kuna vitu vinavyopita kwenye mufuko mudogo bila kushibisha: soda, munkoyo wenye sukari, bia, kalanga za kutafuna siku nzima. Hivyo viangaliwe, lakini bila makelele. Pombe ni hatari zaidi, kwa sababu nyuma ya upasuaji inaingia katika damu upesi sana. Kwenye sahani, samaki, ndagala, yai, nyama ao maharagi vije kwanza, mboga nyuma, bukari kidogo mwisho. Kutafuna polepole. Maji yanywewe mbali na chakula, nyuma ya nusu saa. Na vitamini, chuma na kalsiumu ni za maisha yote, hata siku mizani inakataa kushuka. Mugonjwa anayetapika mara kwa mara asingojee: akimbizwe hospitali, kwa maana kukosa vitamini B1 kunaweza kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo.

Sasa neno kwa wakubwa wa kazi. Mutu aliyepasuliwa hawezi kukula sahani moja kubwa na kungoja saa nane. Akila vitu vitamu vingi, anaweza kutoka jasho, moyo kupiga mbio na kichwa kuzunguka. Saa moja ao tatu nyuma, sukari inaweza kushuka katika damu. Mutu wa namna hiyo akiwa kwenye kamyo la mutapo, ni hatari kwake na kwa wenzake. Kapita anayekatalia mufanyakazi dakika kumi za kula yai na maharagi hachungi kazi, anatayarisha ajali. Na wewe mufanyakazi, usifiche upasuaji wako. Sema kwa munganga wa dispansari mbele ya kupewa mashine, na mbele ya kumeza aspirini ao ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo zinaweza kutoboa ule mufuko mudogo.

Bwana, usimuchekelee bibi yako. Bibi, usimufichie bwana yako sahani. Shangazi, acha bukari yako kwenye chungu. Mizani ikisimama, mupeleke mugonjwa kwa munganga, mukae kwenye meza moja, na muendelee kula vizuri.