Filamu Bubu na Ulimi wa Mtoto

Katika mazoezi ya kufundisha, wanachuo wengi huingia darasani na picha nzuri, kisha huieleza wao wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi hubakiwa na kazi moja tu, nayo ni kuitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Somo la lugha liendeshwalo hivyo humnoa mwalimu ulimi, likamwacha mtoto bubu. Kwa maoni yangu, dawa mojawapo ya maradhi haya ni zile filamu fupi za mwanzoni mwa karne ya 20, zilizotengenezwa kabla sinema haijapewa sauti.

Na tuitazame Rescued by Rover, iliyotolewa Uingereza mwaka 1905 na Cecil Hepworth. Haizidi dakika saba. Ombaomba anamwomba yaya msaada, ananyimwa. Yaya anapozungumza na askari, ombaomba yule anamwiba mtoto mchanga kigarini. Rover, mbwa wa nyumbani, anaruka dirishani, anakimbia mitaani, anavuka mto kwa kuogelea, anapita mlango hadi mlango mpaka anamwona mtoto. Kisha anarudi kumwita baba. Mbwa, mama na mtoto waonekanao humo walikuwa wa nyumbani kwa Hepworth mwenyewe. Filamu hiyo ilipendwa mno hata ukanda wa asili ukachakaa kwa kutolewa nakala, ikabidi itengenezwe upya mara mbili.

Humo hamna neno hata moja la maelezo, lakini mtazamaji hapotei, kwa kuwa kila tendo linazaa tendo lifuatalo. Hapo ndipo ilipo faida yake kwetu. Mwalimu aionyeshe mara ya kwanza akiwa kimya kabisa. Mara ya pili aisimamishe mahali mahali na kuuliza: Kumetokea nini? Kwa nini? Kutatokea nini? Mwishowe wanafunzi wasimulie: mbwa akaruka, akakimbia, akaogelea, akarudi. Matumizi ya -ka- ya masimulizi, ambayo wengi huyafundisha kwa kuandika kanuni ubaoni, yatawatoka watoto vinywani bila kulazimishwa.

Wapo wasemao kwamba filamu hizi zina dharau za zama zake. Ni kweli. Katika Rescued by Rover, maskini ndiye mwizi na mlevi. Katika Le Voyage dans la Lune, yaani Safari ya Mwezini, iliyotengenezwa na Mfaransa Georges Méliès mwaka 1902, wataalamu wanafyatuliwa kwa mzinga hadi mwezini. Wanawapiga wenyeji kwa miavuli, nao wanatoweka kama moshi. Watoto watacheka, na wacheke. Lakini baada ya kicheko mwalimu aulize: Ni nani aliyemwendea mwenzake nyumbani kwake? Mwenyeji wa mwezini angeisimuliaje safari hii? Kuzificha filamu hizi hakumkingi mtoto. Siku hizi picha humfikia kila mahali, na aghalabu hapana mtu wa kumwuliza lolote juu yake. Asipozoea kuhoji akiwa darasani, atazoea kumeza.

Wengine watasema kwamba shule zetu hazina vyombo. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi kulivunja jambo lenyewe. Kompyuta moja, au hata simu ya mwalimu, yaweza kuhudumia kundi moja baada ya jingine, kwa kuwa filamu yenyewe ni ya dakika chache. Pasipokuwa na umeme, mwalimu achore matukio sita ya Rover juu ya karatasi za manila, azichanganye, na kuwapa wanafunzi wazipange na kuzisimulia. Njia inabaki ile ile: picha itangulie, maneno ya mtoto yafuate, na ya mwalimu yaje mwisho.

Hivyo basi, mwanachuo aandaapo somo la mazungumzo, nashauri azihesabu sentensi zake mwenyewe katika andalio la somo, kisha akadirie za wanafunzi. Zake zikizidi, azipunguze kabla hajaingia darasani. Mtoto hajifunzi kusema kwa kumsikiliza mwalimu asiyenyamaza.