UCHAMBUZI: Muuguzi akikosea dawa, kamati ya nidhamu imuulize nini?

Barua ya kumtaka muuguzi ajieleze baada ya mgonjwa kupewa dawa isiyo yake aghalabu huwa fupi. Hutaja tarehe, wadi na jina la dawa, kisha humtaka mhusika aeleze kwa maandishi sababu za kutochukuliwa hatua za kinidhamu. Idadi ya wagonjwa aliokuwa nao usiku huo haitajwi, wala haielezwi ni nani aliyezipanga dawa mbili zinazofanana kwenye droo moja.

Hapo ndipo nidhamu kazini inapoanza kwenda mrama. Swali la iwapo muuguzi alikosea huwa limekwisha jibiwa, mara nyingi kwa mwandiko wake mwenyewe, kabla ya kamati kuketi. Lililo gumu, na ambalo wakubwa wengi hulikwepa, ni kwa nini kosa hilo liliwezekana.

Kesi iliyowatia hofu wauguzi kuliko nyingine yoyote katika miaka ya karibuni ilitokea Marekani, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt jijini Nashville, jimbo la Tennessee. Inafaa kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa kila upande hupenda kuisimulia nusunusu.

Mnamo Desemba 26, 2017, mgonjwa mwenye umri wa miaka 75, aliyekuwa akipata nafuu baada ya damu kuvuja ubongoni, alipelekwa kupigwa picha kwa mashine. Kwa kuwa aliogopa kufungiwa mahali finyu, daktari aliagiza apewe Versed, dawa ya kutuliza wasiwasi. Muuguzi RaDonda Vaught ndiye aliyetumwa kuichukua kutoka kwenye kabati la dawa linaloendeshwa kwa kompyuta.

Aliandika herufi mbili za mwanzo, V na E. Dawa hiyo haikutokea, maana kabati liliihifadhi kwa jina lake la kitaalamu, midazolam. Muuguzi akatumia kibali cha dharura cha kuruka vizuizi vya kompyuta, akachagua dawa ya kwanza iliyojitokeza. Ilikuwa vecuronium, dawa ya kulemaza misuli ambayo hutumiwa mgonjwa akiwa anapumuliwa na mashine.

Dalili za hatari zilikuwepo. Versed huwa majimaji, ilhali vecuronium ni unga unaopaswa kuchanganywa na maji kwanza. Kifuniko cha kichupa kilikuwa na onyo kuwa dawa hiyo hulemaza. Muuguzi hakulisoma, akadunga sindano na kuondoka. Mgonjwa alikutwa baadaye akiwa hapumui, na siku iliyofuata akafariki.

Vaught hakuficha. Siku hiyohiyo aliwaeleza wakubwa wake alichokifanya, na Januari 2018 akafutwa kazi.

Mwenendo wa hospitali yenyewe ulikuwa mwingine kabisa. Haikuiarifu serikali ya jimbo kuhusu kosa hilo jinsi ilivyotakiwa, na kifo kiliorodheshwa mwanzoni kuwa cha kawaida kilichosababishwa na kuvuja damu ubongoni. Ukweli ulifichuka mwishoni mwa 2018, baada ya mtu asiyejitambulisha kuidokezea serikali kuu na wakaguzi wakatumwa bila taarifa. Hospitali ilitishiwa kunyimwa malipo ya bima ya umma, ikawasilisha mpango wa kurekebisha mambo, ikaendelea na shughuli zake.

Muuguzi alikamatwa Februari 2019. Leseni yake ilifutwa mwaka wa 2021, ingawa idara ya afya ya jimbo ilikuwa imeamua hapo awali kutomchukulia hatua. Mnamo Machi 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimpata na hatia ya kusababisha kifo kwa uzembe na ya kumtelekeza mgonjwa asiyejiweza, na Mei mwaka huo akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Hospitali haikushtakiwa kwa jinai.

Wanaomtetea Vaught husema kwamba kuruka vizuizi vya kabati lilikuwa jambo la kila siku, kwani mfumo mpya wa kompyuta ulikuwa ukichelewesha dawa. Wanaomlaumu huuliza ni muuguzi gani asiyesoma kichupa. Pande zote mbili zina hoja. Mtu aliyepita maonyo yote hayo hawezi kudai kuwa ameonewa kwa kuachishwa kazi, na jamaa za marehemu wana haki ya kutarajia mtu awajibike. Kinachoudhi ni kwamba mtu huyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa yule aliyesema ukweli mapema kuliko wote.

Msomaji wa Nairobi au Kakamega anaweza kudhani kwamba hayo ni ya makabati ya kompyuta na hayamhusu. Yanamhusu. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hulifanya kuwa kosa la jinai tendo la kumpa mtu dawa kwa njia ya kutojali au uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Muuguzi wa Kenya anayeandika maelezo ya kujieleza anaweza, kinadharia, kuwa anaandika ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Kabla ya polisi, hata hivyo, kuna mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 44, huorodhesha makosa yanayoweza kumfanya mfanyakazi afutwe papo hapo. Miongoni mwayo ni kufanya kwa uzembe kazi ambayo kwa asili yake ilipaswa kufanywa kwa uangalifu. Ni vigumu kupata maneno yanayomkaa vyema zaidi muuguzi aliyekosea dawa, na si ajabu kwamba ndiyo maneno ambayo mawakili wa waajiri hukimbilia.

Lakini sheria hiyohiyo haikuishia hapo. Kifungu cha 41 humlazimu mwajiri kumweleza mfanyakazi sababu za kutaka kumwachisha kazi kwa lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na kuyasikiliza maelezo yao kabla ya kuamua. Sharti hilo lipo hata pale kosa lilipo kubwa. Vifungu vya 43 na 45 humtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya kweli na utaratibu ulikuwa wa haki, na akishindwa, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Waajiri wengi huichukulia hatua hiyo kama ya kujaza fomu tu. Muuguzi huitwa, husomewa barua aliyokwisha isoma, huulizwa kama ana la kuongeza, kisha kikao hufungwa. Mahakama ikiulizwa, kumbukumbu za kikao zipo. Wadi nayo hubaki jinsi ilivyokuwa, na chupa zile mbili zingali zimekaa bega kwa bega.

Kusikilizwa kwa kweli kungekuwa na sura nyingine. Mwakilishi wa muuguzi angeomba ratiba ya zamu ya usiku huo iwekwe mezani, pamoja na idadi ya wagonjwa waliolazwa. Angeomba karatasi ya dawa yenyewe, ili kamati ijionee kama mwandiko wa daktari unasomeka na kama nukta ya desimali inaonekana. Angeuliza iwapo wadi ina utaratibu wa wauguzi wawili kuhakiki dawa za hatari, na iwapo usiku huo alikuwepo wa pili wa kuhakiki. Angetaka vichupa vyenyewe viletwe, kwa sababu mnunuzi abadilishapo mtengenezaji, rangi na maandishi hubadilika bila wadi kuarifiwa.

Mambo hayo hayakusudiwi kumwondolea mtu lawama. Hayati James Reason, aliyekuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Manchester, alilieneza swali moja rahisi ambalo kamati yoyote inaweza kulitumia: je, muuguzi mwingine mwenye ujuzi na uzoefu kama huu, akiwekwa mahali hapo na saa hiyo, angeweza kukosea vivyo hivyo? Jibu likiwa ndiyo, kumfukuza huyu ni kumwandalia kosa atakayeshika nafasi yake.

Jibu likiwa la, bado kuna mpaka wa kuchora. Aliyeteleza ni tofauti na aliyezoea njia ya mkato, na huyo naye hafanani na aliyejua hatari akaipuuza. Wa kwanza anahitaji kusaidiwa, wa pili kurekebishwa, wa tatu kuadhibiwa. Kanuni nyingi za nidhamu huwaweka wote watatu chini ya neno moja, uzembe. Ugumu mkubwa huwa kwa huyo wa pili, maana mara nyingi njia yake ya mkato inajulikana na kuvumiliwa na msimamizi anayemshtaki.

Hospitali Kuu ya Kenyatta ililionja jambo hili mapema 2018, ingawa halikuwa la dawa. Mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa upasuaji uliokusudiwa mwingine. Waliosimamishwa kazi kwanza walikuwa daktari mpasuaji, mtaalamu wa nusukaputi, muuguzi wa wadi na muuguzi aliyempokea mgonjwa katika chumba cha upasuaji. Madaktari wenzao walilalamika kwamba hitilafu ya utambulisho wa wagonjwa ilikuwa imebebeshwa watu wachache. Ni baada ya kelele za umma ambapo waziri alimpeleka afisa mkuu mtendaji likizo ya lazima. Safari hiyo angalau lawama ilipanda ngazi, lakini ilipandishwa na vichwa vya habari, si na utaratibu wa nidhamu.

Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake kuhusu makosa ya dawa mwaka wa 2017, lilikadiria hasara ya makosa hayo kuwa dola bilioni 42 kwa mwaka ulimwenguni, na likalenga kupunguza madhara makubwa kwa nusu katika miaka mitano. Nchini Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu ina mfumo wa kuripoti makosa ya aina hiyo kupitia intaneti. Mfumo wa namna hiyo hutegemea kitu kimoja ambacho serikali haiwezi kukinunua: utayari wa mtu kusema kwamba amekosea wakati hakuna mwingine aliyeona. Kila muuguzi anayefutwa kwa kukiri huwafunza wenzake kunyamaza, na wa kwanza kuumizwa na ukimya huo ni mgonjwa, ambaye angeweza kuokolewa kama daktari angeitwa dakika tano mapema.

Wabunge wa jimbo la Kentucky nchini Marekani walilitambua hilo. Mwaka wa 2024 walipitisha sheria inayowakinga wahudumu wa afya dhidi ya mashtaka ya jinai kwa makosa ya kikazi, isipokuwa pale penye uzembe uliokithiri au ukiukaji wa makusudi. Kinga hiyo haimgusi mwajiri wala baraza la leseni, na ndivyo inavyofaa, kwa kuwa nidhamu ya kazi ina mahali pake.

Kenya haijahitaji kwanza sheria mpya ili kuanza. Muuguzi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti ya utumishi wa umma anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na kutoka hapo kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Huko kote ataulizwa kama alisikilizwa. Wawakilishi wa chama wangefanya vyema kuingia katika kikao cha kwanza kabisa wakiwa na ratiba ya zamu mkononi, na kudai iandikwe katika kumbukumbu.