Nyumba Ipo, Watoto Hapana

Anayetafuta nyumba ya kupanga Magarama au Nyamugari, mjini Gitega, huulizwa na komisyoneri, yaani dalali, mambo matatu: unafanya kazi wapi, utalipa miezi mingapi mbele, una watoto wangapi. Mara nyingi jibu la tatu ndilo linaloamua. Mwenye watoto watano huambiwa nyumba imeshapata mtu, na mwezi unaofuata mlango bado una kufuli. Muyinga nako maneno ni hayo hayo.

Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba mwanamke wa Burundi huzaa kwa wastani watoto 5.5. Kumkataa mwenye watoto watano, basi, ni kumkataa Mrundi wa kawaida.

Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa kwa sheria, mapema 2019, watumishi wa serikali walianza kuhamia huko, na nyumba hazikuongezeka kwa kasi yao. Mwenye nyumba akapata nafasi ya kuchagua. Kijana mseja mwenye mshahara hulipa kodi ile ile anayolipa baba wa watoto sita, na maji hutumia kidogo. Achaguliwe nani?

Wenye nyumba hawa wengi si matajiri. Mjane aliyejenga vyumba viwili uani anakula kutokana na vyumba hivyo. Mita ya maji ya REGIDESO ikiwa moja kwa parsele nzima, bili huleta ugomvi kila mwezi. Choo cha shimo hujaa mapema, na ukuta uliopakwa rangi juzi huchorwa mkaa. Hizo ndizo sababu zinazosemwa. Isiyosemwa ni nzito zaidi: mpangaji mwenye watoto wachanga akishindwa kulipa, kumtoa ni shida. Majirani wataingilia, chefu wa mtaa ataomba aongezewe mwezi, na mwenye nyumba ataonekana katili. Kwa hiyo anafunga mlango mapema. Huruma yetu kwa mtoto aliyekwisha kuingia ndani ndiyo inayomzuia mwingine asiingie.

Na wazazi hujifunza kuficha. Wanataja watoto wawili, watatu wanabaki kwa bibi huko kilimani, au wanaingizwa usiku mmoja mmoja. Daftari la kaya, ambalo linatakiwa kuandika kila mtu anayelala ndani ya nyumba, linaandika uongo. Mtoto asiyetajwa mtaani huchelewa kuandikishwa shule ya jirani, na mama yake huishi akihofia sauti yake mwenyewe anapomwita.

Katiba ya 2018 inakataza ubaguzi, pamoja na ule wa hali ya kijamii, na Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990. Lakini maneno hayo hayajafika kwenye mlango wa uani. Marekani ilitunga katazo la wazi mwaka 1988: familia yenye watoto chini ya miaka 18 isinyimwe nyumba kwa sababu yao. Hata hivyo sheria hiyo inamwacha huru mwenye jengo lisilozidi makazi manne ikiwa naye anaishi humo. Tukiinakili ilivyo, tutawaacha nje wapangaji wengi wa Gitega na Muyinga, kwa kuwa mwenye nyumba wao analala parsele hiyo hiyo.

Mimi nataka katazo, bila msamaha huo, lakini liende pamoja na kinga kwa yule mjane. Maji yagawanywe kwa idadi ya watu, na jambo hilo liandikwe tangu siku ya kwanza. Dhamana ya ukarabati iwekwe na ihesabiwe mbele ya shahidi. Deni la kodi lipelekwe mapema kwenye baraza la wazee wa mtaa, Intahe yo ku Mugina, ambalo wajumbe wake walichaguliwa 2022, nalo litoe tarehe ya kulipa au ya kuhama, na tarehe hiyo iheshimiwe. Mwenye nyumba akijua kwamba deni la miezi miwili litasikilizwa, sababu yake kubwa ya kuhesabu watoto inaondoka. Komuni inaweza kuanza na mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kirundi na Kiswahili, wenye nafasi ya kuandika majina ya watoto wote.