TEMBE ZA PRESHA SI UCHAWI



Wiki hii mama mmoja wa kanisa letu hapa Bulla Pesa aliletwa kwangu ameshikwa mikono huku na huku. Alikuwa ameacha tembe za presha siku 12. Kisa? Alitumiwa sauti kwenye WhatsApp: eti "famasia" imetoka kwa neno la Kigiriki pharmakeia, na pharmakeia ndiyo "uchawi" wa Wagalatia 5:20. Basi anayemeza dawa anaroga!

Nasema wazi: huo ni uongo.

Neno ni hilo, sikatai. Lakini pharmakon kwa Kigiriki ni kama "dawa" kwetu. Kuna dawa ya malaria, dawa ya panya, na dawa ya mapenzi ya mganga. Je, kwa kuwa mganga huiita hirizi yake dawa, tembe ya malaria nayo imekuwa hirizi?

Angalia Paulo ameliweka wapi: papo hapo baada ya ibada ya sanamu. Tena Kutoka 7:11, katika Agano la Kale la Kigiriki, neno hilohilo linataja uganga wa wachawi wa Farao. Wale hawakuwa wakitibu mtu, walikuwa wakishindana na Musa. Ndiyo maana Biblia yetu inasema "uchawi". Haikukosea. Aliyekosea ni mhubiri wa sauti ile.

Na Paulo huyohuyo alikuwa na Luka, tabibu aliyempenda (Wakolosai 4:14). Timotheo alipoumwa tumbo mara kwa mara, Paulo alimwambia atumie mvinyo kidogo (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia kwamba imani yake ni haba.

Mimi naamini uponyaji, nanyi mnajua. Lakini Yesu aliwatuma wale wakoma kumi kwa makuhani wakakaguliwe (Luka 17:14). Muujiza wa kweli hauogopi kipimo. Umeombewa? Haleluya! Sasa nenda upimwe, na daktari ndiye akuambie uache dawa.

Tusisahau Shakahola, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mafundisho yaliyopindwa huzika watu.

Mama yetu tulimwombea, kisha tukampeleka hospitali usiku huohuo. Anaendelea vizuri.

Mpendwa, kama umeficha dawa zako kwa sababu ya sauti ile, zitoe leo, uende kliniki. Mtumie na mwenzako ujumbe huu. Ameni?