Mastaa wa Bongo Movie, Kanda za Nsyuka Ziko Wapi?

Wadau, leo sipoi.

Kuna muvi ya Uingereza inaitwa The Quatermass Xperiment. Ya 1955, nyeusi na nyeupe, ya kampuni ya Hammer, kaiongoza Val Guest. Roketi inaenda anga za juu na watu watatu, inarudi na mmoja, na huyo mmoja anaanza kugeuka dude taratibu, kuanzia mkono, mpaka anapigwa shoti ya umeme ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Miaka 70 imepita. Wenyewe wameisafisha, wameitia kwenye boksi la kifahari na kijitabu ndani, na watu wanatoa hela kuiweka kabatini.

Sasa turudi kwetu. Mimi nimekulia Masaki. Punguza shobo, siyo ile ya Dar ya mageti. Masaki ya Kisarawe, njia ya Maneromango. Tulikuwa na banda umiza: turubai, mabenchi, jenereta nje linakohoa. Humo ndimo nilimoiona Nsyuka ya Mussa Banzi, na usiku ule nilijisaidia mlangoni kwa kuogopa kwenda choo cha nje. Ikaja Shumileta, tukaanza kuogopa hata madada wazuri barabarani. Quatermass ilipewa cheti cha X, chini ya miaka 16 huingii sinema. Sisi banda lilikuwa linakuuliza hela tu.

Mwaka jana nikapata wazimu wa kutafuta nakala safi ya muvi moja ya kutisha ya enzi hizo, siitaji. Kariakoo walinicheka. Nikampata prodyuza wake, jina kapuni. Akanijibu bila kupepesa: "Mdogo wangu, ile masta nilirekodia harusi. Kanda zilikuwa ghali."

Harusi! Yaani huenda kuna familia huko Tabata, keki ikishakatwa linatokea jini.

Na huyu huyu ukimkuta kwenye mahojiano analia: wezi wa kazi wametumaliza, majukwaa ya nje hayatutaki. Kaka, majukwaa yachukue nini? Kava? Kila mwaka mastaa wetu wanaposti kava la muvi ya zamani, wanaandika "tumetoka mbali", mashabiki wanamwaga makopa. Ukiuliza muvi yenyewe iko wapi, kimya. Wengine waliuza haki zote kwa malipo ya mara moja na hawakubaki na nakala hata moja. Kuna dada namjua, alikuwa jini kwenye muvi tatu, mtoto wake hajawahi kuona hata moja.

Najua mtasema hakukuwa na hela. Sawa, lakini sikia. Hiyo Quatermass ilianza kama tamthilia ya BBC mwaka 1953, sehemu sita, ikirushwa moja kwa moja. Mbili tu zilirekodiwa. Nne zimeenda. Baadaye BBC hao hao wakafuta kanda za Doctor Who ili wazitumie tena, kisingizio kile kile cha prodyuza wetu. Tofauti ni kwamba waliamka na kuanza kutafuta. Mwaka 2013 ikatangazwa sehemu tisa za Doctor Who zimepatikana. Wapi? Nigeria, stoo ya kituo cha televisheni. Kanda za Mzungu zimetunzwa na Waafrika, za kwetu tumezichezeshea kwaito ya maharusi.

Sidai boksi la kifahari. Nadai mtu achukue VHS na VCD zilizobaki, azihamishie kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza, maana kanda haisubiri na joto letu hili mnalijua. Mastaa mnaofanya bethdei kwenye boti, hela hiyo mnayo. Bodi ya Filamu nayo isiishie kukagua muvi mpya.

Mzee aliyekuwa na banda pale Masaki alishafariki. Mjane wake, mama mkubwa wangu, bado ana sanduku la kanda uvunguni, na panya wameshaonja kona. Mwezi ujao nalifuata, hata nikilipandisha bodaboda.

Wewe mwenye Nsyuka, hata VCD yenye mikwaruzo, dondosha komenti nikufuate ulipo. Na kama kwenu kuna video ya harusi inayoishia vibaya, hiyo naitaka kwanza.