Kusubirishwa Siyo Kusubiri

Ndugu zangu wa kalamu, leo siji na hadithi. Nimekuja na ugomvi.

Ipo methali moja imetulaza vijana wengi usingizi: subira yavuta heri. Ukikosa kazi unaambiwa subira. Ukidai mshahara wako, subira. Sina ugomvi na wahenga, walikuwa wakulima na mabaharia, walijua maana ya kungoja mvua na kungoja upepo. Lakini mvua haina ofisi. Mvua haikutozi ada kabla ya kukaa kimya. Na Kiswahili chenyewe kina akili kutushinda sisi tunaokizungumza, maana kimetupa maneno mawili: kusubiri, na kusubirishwa. Anayesubirishwa kuna mtu amemkalisha kwenye benchi, na mtu huyo angetaka angeweza kuinuka akasema, "Bwana mdogo, nenda nyumbani." Hainuki.

Ninayemzungumzia ni kaka yangu, tumbo moja. Mimi niliishia kidato cha nne. Yeye alifika chuo kikuu akatoka na shahada ya kemia. Tunalala chumba kimoja Tandika, chini ya kitanda changu kuna madaftari ya riwaya ambayo haijaisha, chini ya kitanda chake kulikuwa na chupa na makopo. Nasema kulikuwa, na mtaona kwa nini.

Desemba 2024 kaka aliomba nafasi ya kusomea uzamivu wa sayansi ya maada huko Marekani, vyuo vitano. Kijiweni waliuliza hiyo sayansi ya maada ndiyo mdudu gani. Ni elimu ya kujua kwa nini kioo hupasuka na chuma hupinda, kwa nini saruji hushika, kwa nini betri ya simu yako imevimba, na namna ya kutengeneza kitu kipya kisicho na ugonjwa huo. Wala si elimu ya kizungu peke yake. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa kale wa Kagera walifua chuma cha pua kwenye tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hawakuandikiwa barua na kamati yoyote, nadhani.

Kitu cha kaka ni maganda ya korosho. Ndani ya ganda mna mafuta makali yanayounguza ngozi, waulizeni akina mama wanaobangua korosho kule Mtwara wawaonyeshe vidole vyao. Mafuta hayohayo yakipikwa inavyotakiwa hugeuka kuwa gundi ngumu, na viwandani hutumika mpaka kwenye breki za magari. Kaka alikuwa akitafuta namna ya kushikisha vumbi la mbao analolikusanya kwa fundi seremala jirani yetu, lipate kuwa ubao. Ndizo zile chupa na makopo. Mikono yake ilikuwa na mabaka kama ya mtu aliyemwagikiwa chai ya moto.

Kwa nini Marekani? Kwa sababu kule, katika fani hii, anayesomea uzamivu kwa kawaida halipi ada. Analipiwa, tena anapewa na posho ya kuishi, na sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka kwenye miradi ya utafiti ya maprofesa. Kwa mtoto wa muuza vitumbua mlango wa namna hiyo haupitwi hivihivi. Msinielewe vibaya basi, sisemi watu wasiende. Dk. Askwar Hilonga alikwenda Korea Kusini, akasoma, akarudi Arusha akatengeneza chujio la maji lililompa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Kwenda siyo dhambi. Ugomvi wangu uko mlangoni.

Mlango huo una kiingilio. Chuo cha Stanford kimekuwa kikitoza dola 125 kwa ombi moja la masomo ya juu. Kwa bei ya dola ya wakati ule hizo ni karibu laki tatu, na kima cha chini cha mshahara wa serikali kilikuwa 370,000. Vipo vyuo vinavyotoza kidogo, na vipo vinavyomsamehe mwombaji akijieleza vizuri. Kaka alisamehewa kimoja. Vinne vilivyobaki, pamoja na mtihani wa kuthibitisha kwamba anajua Kiingereza (lugha aliyofundishiwa tangu kidato cha kwanza!), vilikula zaidi ya shilingi milioni moja. Mama alitoa fedha za mchezo wake wa akina mama, zamu yake ilipofika. Alikuwa amezipangia kuezeka jiko.

Stakabadhi za malipo zilifika kabla kaka hajafunga kompyuta pale kwenye duka la intaneti. Nukta chache tu. Kumbe kuandika barua wanajua.

Halafu kimya.

Hapa nataka mwandamane nami taratibu, maana asiyekipitia kimya hiki hudhani ni kitu kitupu. Ofisi za mashariki ya Marekani hufunguliwa saa tatu asubuhi yao. Wakati wa baridi hiyo ni saa kumi na moja jioni ya kwetu, na zinafungwa saa saba usiku. Za kule California zinafunguliwa saa mbili usiku na kufungwa saa kumi alfajiri. Kwa hiyo mtu wa Tandika anayengoja majibu anaanza zamu watu wanapotoka kazini, na anamaliza jogoo akiwika. Januari nzima, Februari nzima, mwanga wa simu ulikuwa juu ya uso wa kaka kama taa ya chumba cha maiti. Anafungua ukurasa wa ombi lake: "Linapitiwa." Anafunga. Anafungua: "Linapitiwa." Bando likiisha ananiomba la kwangu, nami nampa, huku nikimlaani moyoni. Mchana analala. Makopo chini ya kitanda yalianza kuota ukungu, siku moja mama akayatupa, na kaka hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Februari hiyo kiwanda kimoja cha rangi kilimwita. Walihitaji mtu wa maabara, mkataba wa miaka miwili, mshahara wa kueleweka. Walimpa wiki moja ya kujibu. Kaka akasema, "Nasubiri majibu ya chuo." Wiki ikapita, wakamchukua mwingine. Sasa niambieni: kiwanda cha rangi, ambacho hakikumtoza hata shilingi, kilimheshimu kiasi cha kumwambia siku ya mwisho. Vyuo vilivyokula fedha za jiko la mama havikumwambia lolote. Nani hapo ni mwungwana?

Watu wenye nafsi nzuri husema, "Wana maombi mengi, wana kazi nyingi." Nilikuwa nasema hivyo pia, mpaka kaka mwenyewe aliponieleza mchezo unavyochezwa. Idara inachagua watu wake wa kwanza, inawapa habari njema mapema, Januari au Februari, inawakaribisha wakatembelee maabara. Inawakataa wengine. Katikati hapo wanabaki watu ambao hawajachaguliwa wala hawajakataliwa. Hao ni tairi la akiba. Gari likitoboka njiani watatolewa buti, lisipotoboka watabaki mlemle gizani mpaka safari iishe. Vipo vyuo vinavyomwambia mtu waziwazi kwamba yuko kwenye orodha ya akiba, navipa heshima yao. Vingi havisemi. Na sababu ya kutosema si wingi wa kazi: ukijua kwamba wewe ni tairi la akiba utatafuta gari jingine.

Ajabu ni kwamba sheria za adabu wanazo, wameziandika wenyewe. Baraza la vyuo vya uzamili la Marekani lina Azimio la Aprili 15, na vyuo vingi vimelitia saini. Linasema mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe hiyo, apate muda wa kutafakari. Jambo zuri kabisa. Lakini litazameni upande wa pili. Aliyekwisha kupata ana azimio la kumlinda. Asiyepata hana. Hakuna tarehe inayomlazimisha mwenye ofisi kumjibu mtu wa kwenye benchi. Na muda wa hisani anaopewa yule wa mbele ndio huohuo unaorefusha benchi la huyu wa nyuma, maana mpaka yule aseme ndiyo au hapana, huyu haambiwi kitu.

Nitakuwa mwongo nisiposema kwamba mwaka ule ulikuwa mbaya hata kwao. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilianza kukata fedha za utafiti, vyuo vikashikwa na hofu. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilisimamisha kwa muda kupokea wanafunzi wapya wa uzamivu, vingine vikapunguza nafasi, na wapo waliopewa nafasi wakanyang'anywa. Profesa asiyejua kama mradi wake utakuwa na fedha kesho hawezi kumwahidi mtu. Hilo nalielewa. Ila "hatujui" nalo ni jibu. Lingeandikwa kwa mstari mmoja likatumwa kwa wote nukta ileile, kama stakabadhi. Kaka angelilia siku mbili, ya tatu angepiga simu kiwandani.

Majibu yaliyofika ni haya. Chuo cha kwanza kilimkataa Machi, kwa heshima, nakishukuru. Cha pili na cha tatu Aprili, barua zinazofanana kama mapacha: waombaji wenye sifa walikuwa wengi. Cha nne Juni, tena kikimwita "mpendwa mwombaji", baada ya kumtaka ajaze jina lake mahali pasipopungua sita. Cha tano mpaka leo hakijasema. Ukurasa wake ulifungwa tu, ukawa haufunguki tena.

Na sisi je? Msidhani nawasema wa mbali peke yao. Kijiweni walimpa jina la "Dokta", kila akipita: "Dokta, viza tayari?" Shangazi akaanza kumwagiza viatu. Mchungaji akamwombea mbele ya kanisa zima, na baada ya hapo kaka hakwenda ibadani mpaka Pasaka. Mtu anayesubirishwa anabeba mzigo wake mwenyewe, sisi tunamtwisha na wa kwetu juu yake, halafu tunamwambia subira yavuta heri. Mimi mwenyewe nilikuwa nishamwandika kwenye riwaya yangu, sura ya tisa, akipanda ndege. Nimeichana. Nilikuwa namtumia tu.

Nanyi waandishi wenzangu mnaojiona mko pembeni ya jambo hili, hesabuni miswada yenu. Wa kwangu mmoja uko kwa mchapishaji hapahapa mjini mwezi wa kumi na nne sasa. Nilipokwenda kuuliza, binti wa mapokezi aliniambia, "Kaka, unapitiwa." Neno lilelile! Nilitamani kucheka. Na wewe Mhariri unayesoma haya, shairi la rafiki yangu liko mezani kwako tangu Ramadhani. Mjibu mtoto wa watu.

Ninachodai si kikubwa. Sidai mtu apewe nafasi asiyostahili. Nadai kwamba anayepokea ada ataje tarehe, na tarehe hiyo ikipita bila jibu arudishe ada. Nadai tairi la akiba liambiwe kwamba ni tairi la akiba, liamue lenyewe kama litakaa buti. Mwenye duka la Tandika akichukua fedha yako asikupe mchele wala asiseme neno, tunamwitia mgambo. Chuo chenye maktaba ya vitabu milioni kikifanya hivyo tunakiita ushindani mkali.

Kaka aliomba tena. Vyuo viwili tu safari hii, alilipa mwanzoni mwa Desemba 2025. Tarehe 16 mwezi huohuo Rais wa Marekani akatia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika nchi ambazo raia wake wanazuiwa viza za aina kadhaa, za wanafunzi zikiwamo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kaka aliviandikia vyuo vyote viwili swali moja: je, ombi langu bado lina maana? Kimoja kilijibu baada ya siku tisa kwamba ombi linapitiwa. Kingine kilituma barua ya mashine kushukuru kwa kuandika.

Usiku huo alizima simu saa nne. Asubuhi yake nilimkuta uani na sufuria kuukuu la mama, amejifunga kitambaa puani, anachemsha maganda ya korosho aliyopewa bure sokoni. Moshi wake mweusi na mkali ulivuka ukuta, jirani akaja juu, akatishia kwenda kwa mjumbe. Kaka akamwomba radhi, akamwambia atamaliza saa tano na nusu. Saa tano na nusu akazima moto.